UZI MAALUM: Buster Keaton, mzee wa uso mkavu aliyeangukiwa na ukuta wa nyumba akabaki amesimama

SimuTochi (mleta uzi)

Wakuu, kule kwenye uzi wa mchekeshaji wako wa muda wote naona majina ni yaleyale: Mr Bean, Charlie Chaplin, marehemu King Majuto, marehemu Mzee Ojwang. Sina ugomvi na hata mmoja wao. Lakini nimeshuka kurasa zote hadi mwisho, hakuna aliyemtaja Buster Keaton. Huu ni uonevu. Nimeamua kumfungulia uzi wake. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwa wasiomjua: ni Mmarekani, amezaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 huko Piqua, jimbo la Kansas. Jina la cheti ni Joseph Frank Keaton. Kazaliwa pale kwa sababu wazazi walikuwa njiani tu. Walikuwa wasanii wa kuzunguka na shoo za wauza dawa. Mnawajua wale wa mnadani, wenye spika na nyoka ndani ya boksi, anakuchekesha nusu saa ili mwishoni ununue dawa ya minyoo? Kazi ndiyo ileile. Baba yake, Joe, aliwahi kuzunguka na Harry Houdini, yule mfungua minyororo maarufu.

Dogo akapandishwa jukwaani angali mdogo kabisa. Shoo yao iliitwa The Three Keatons na maudhui yake yalikuwa mepesi: mtoto mtundu anamkera baba, baba anamrusha. Anamrusha kweli. Anamtupa kwenye mapazia, anambiringisha sakafuni, mama yuko pembeni anapuliza saksofoni. Nguo za mtoto zilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili baba apate pa kushika vizuri. Watu wa kutetea watoto pale New York walimwandama Joe miaka na miaka.

Humo ndimo alimojifunzia mambo mawili ambayo yalimlisha maisha yake yote. Kwanza, namna ya kuanguka. Pili, aligundua kwamba akianguka halafu akacheka, ukumbi unanyamaza. Akianguka akabaki amekausha uso kana kwamba hakuna kilichotokea, ukumbi unavunjika mbavu. Tangu hapo uso ukakaushwa.

Mwaka 1917 akakutana New York na Roscoe Arbuckle, yule bonge wa komedi, akaingizwa kwenye filamu. Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza alichokifanya ni kuomba kamera, akaenda nayo, akaifungua vipande vipande ajue inavyofanya kazi, akairudisha ilivyokuwa. Kati ya yote yanayosemwa juu yake, hili ndilo ninalolirudia kila mara, kwa sababu linaeleza kazi zake zote. Jamaa alikuwa fundi. Vichekesho vyake ni mashine, na anakuachia uone kila nati.

Sasa tuje kwenye ile nyumba.

Filamu inaitwa Steamboat Bill, Jr., ya mwaka 1928. Kimbunga kimeingia mji wa kando ya mto. Keaton amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa, anajisugua shingo, bado ana kizunguzungu. Nyuma yake ukuta wote wa mbele wa nyumba unang'oka na kumlalia. Wote kwa mpigo. Dirisha la juu liko wazi, mwili wake unapita katikati ya dirisha. Vumbi tupu. Yeye yuko palepale alipokuwa.

Ule ukuta haukuwa wa maboksi. Ulifanywa mzito makusudi, kwa sababu kulikuwa na mashine kubwa za upepo na ukuta mwepesi ungepinda ukiwa hewani. Uzito unaotajwa ni tani 2. Nafasi kati yake na fremu ya dirisha ilikuwa inchi chache tu. Sehemu ya kuweka visigino ilipimwa na kuwekewa alama, akasimama hapo. Baadhi ya mafundi waligeuza sura, hawakutaka kuona. Kamera imekaa mbali, unauona ukuta mzima na mtu mzima, toka juu mpaka chini, bila kukata picha hata mara moja.

Na hiki ndicho ninachompendea. Hakuibii. Mchekeshaji mwingine angekuonyesha ukuta unatikisika, halafu uso wenye hofu, halafu vumbi, na wewe ungejua umedanganywa lakini ungemsamehe. Keaton anakaa ndani ya picha moja, wazi, anakwambia hesabu mwenyewe. Halafu baada ya kuponea chupuchupu hakuombi umpigie makofi wala umhurumie. Anaangalia, anashtuka, anaondoka. Kuna kimbunga, bwana.

Naendelea kesho na habari za treni. Karibuni.

Kaptula Ndefu

Nimekaa paleee, nasubiri treni.

MamaWawili

Mleta uzi una kalamu. Ila baba huyo alitakiwa jela. Mpini mgongoni kwa mtoto!

Profesa wa Kijiweni

Mkuu nimekusoma. Ila niseme ukweli wangu: mimi ni mtu wa Chaplin na sihami. Chaplin anakuchekesha na kukuliza ndani ya dakika moja. Huyu wako nimemwona vipande kwenye simu, naona mtu anaruka, anaanguka, anakimbia. Hiyo si komedi, ni sarakasi. Moyo uko wapi?

SimuTochi

@Profesa wa Kijiweni nilijua utakuja. Umeona vipande, hapo ndipo tatizo lilipo. Kumwona Keaton kwa sekunde kumi kumi ni sawa na kusikiliza kibwagizo peke yake bila taarabu nzima.

Chukua One Week, ya 1920, filamu ya dakika ishirini na kitu hivi. Maharusi wamepewa zawadi ya nyumba iliyo ndani ya maboksi yenye namba, unaiunganisha mwenyewe. Mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anakuja kimyakimya anabadilisha namba. Basi Keaton anajenga akifuata maelekezo kwa uaminifu wote, na inatoka nyumba ya ajabu, mlango wa ghorofani unafungukia hewani. Dhoruba inakuja, nyumba inazunguka kama pia. Mwisho wa yote wanaambiwa wamejenga kwenye kiwanja cha mtu, kiwanja chao kiko ng'ambo ya reli. Wanaifunga nyumba kwenye gari, wanaivuta. Inakwama juu ya reli. Treni inakuja.

Hapa sasa tulia. Mume na mke wanavuta, wanasukuma, haisogei. Wanakata tamaa, wanajitenga, wanafumba macho. Treni inapita, kumbe iko kwenye njia ya pembeni! Nyumba haijaguswa. Wanafumbua macho, wanashusha pumzi, na wewe unashusha pumzi. Ndipo treni nyingine inatokea upande wa pili inaisambaratisha nyumba ikawa kuni.

Keaton anaangalia zile kuni. Anachukua kibao cha kuuza nyumba anakichomeka, anaweka na yale maelekezo ya ujenzi juu yake, ili mnunuzi asipate shida. Anamshika mkono mkewe, wanaondoka.

Unaniuliza moyo uko wapi? Uko kwenye yale maelekezo. Chaplin pale angetutazama machoni, tungelia wote. Keaton anamfikiria mteja.

Na njia ile ya treni mbili ni hesabu safi. Amekujengea hofu, akakulipa, ukiwa bado unahesabu chenji akakunyang'anya pochi.

Profesa wa Kijiweni

Hiyo ya maelekezo nakupa alama moja. Chaplin bado anaongoza.

Wa Nakuru

Hapa Kenya nimecheka nikiwa ndani ya matatu mpaka jirani akaniuliza niko sawa. Nimeitazama hiyo One Week yote. Kuna mahali mama anaoga, sabuni inaanguka nje ya beseni, halafu mkono wa mtu unakuja unaziba kamera mpaka aiokote! Mwaka wa 1920! Nilidhani hizo janja zimeanza juzi.

Swali, hii si ingekuwa tamu sana na DJ Afro, yule wetu anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili? Filamu haina sauti, jamaa ana uwanja wote wa kupiga domo.

Fundi Taa

@Wa Nakuru umegusa jambo. Sisi wa Dar tulikuwa na Lufufu aliyesimulia filamu kwenye kanda, Uganda wako na ma-VJ wao wa kazi hiyohiyo. Na hili si geni kabisa kwenye filamu bubu. Wajapani walikuwa na watu wanaitwa benshi, anasimama pembeni ya pazia anasimulia filamu nzima, anaigiza sauti za wote, na watu walikuwa wanaenda kumsikiliza yeye, filamu baadaye. Kwa hiyo wale wanaosema vibanda vyetu viliharibu sinema hawajui historia.

Ila kwa Keaton nina wasiwasi. Chaplin unaweza kumsemea, maana uso wake unaongea muda wote. Keaton ukimsemea umemharibu. Ule ukimya wake ndio utani wenyewe.

SimuTochi

@Fundi Taa hapo tunakubaliana, ingawa ningelipa kiingilio kumsikia DJ Afro kwenye lile tukio la ukuta.

Haya, treni.

The General imetoka mwisho wa 1926. Hadithi inatokana na tukio la kweli la Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani: majasusi wa Kaskazini, wakiongozwa na James Andrews, waliiba kichwa cha treni cha Kusini kilichoitwa General wakakimbia nacho wakiharibu reli na nyaya za telegrafu. Keaton ni Johnnie Gray, dereva wa treni hiyo. Anapenda vitu viwili duniani, treni yake na binti mmoja anaitwa Annabelle Lee. Vyote vinaibwa siku moja. Anaanza kukimbiza.

Nusu ya kwanza anaifukuza treni yake, nusu ya pili anafukuzwa akiwa nayo, kwenye njia ileile. Kila utani uliouona ukienda unaukuta tena ukirudi, safari hii umegeuzwa. Waandishi wa filamu wa siku hizi wangefundishwa hilo tu wakatosha.

Kuna tukio naomba mlitazame na sauti mkiwa mmezima, muziki unawapoteza. Amekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni, kwenye kile kichanja cha chuma cha kusukumia vitu njiani. Treni inakwenda. Amekumbatia taruma moja zito (lile gogo la kulazia reli), limemlemea. Mbele kuna taruma jingine maadui wamelitupa limelala juu ya reli. Akishuka hatalifikia kwa wakati, akikaa treni inaacha njia. Anachofanya, anainua alilonalo anaitupia ncha ya lile lililolala, linaruka kama mtoto kwenye mbao ya kupanda na kushuka, yote mawili yanadondoka pembeni. Kamera iko palepale mbele. Akikosea kwa shibiri moja filamu imeisha na yeye pia.

Na kuna pale kwenye chuma kinachounganisha magurudumu. Amekataliwa jeshini, mchumba kamwambia asimsemeshe mpaka avae sare. Anakaa juu ya chuma kile, amejiinamia. Mtu anaiwasha treni bila kumwona. Chuma kinampandisha, kinamshusha, kinampandisha, taratibu, na yeye bado ana mawazo, hajui kama anasogea. Anashtuka akiwa anaingia bandani. Magurudumu yangeteleza kidogo tu, chuma kile kingemtupa vibaya. @Profesa, ukiniambia hapo hakuna moyo nitakushangaa.

Halafu lile daraja. Walipiga picha karibu na Cottage Grove, jimbo la Oregon, kwa sababu kulikuwa na reli za zamani zilizofaa. Julai 1926 wakachukua kichwa cha treni halisi wakakipitisha juu ya daraja lililochomwa moto, likavunjika, treni ikatumbukia mtoni. Hakuna sanamu ndogo. Maelfu ya wenyeji walikuja kutazama. Gharama inayotajwa ni dola 42,000, na huwa inahesabiwa kuwa picha moja ghali kuliko zote za enzi ya filamu bubu. Kile chuma kilibaki mtoni miaka mingi, mpaka vita vya pili vya dunia ndipo kikatolewa kuuzwa kama chuma chakavu.

Na baada ya yote hayo filamu haikufanya vizuri sokoni. Wakosoaji wengi waliiponda. Leo iko kwenye zile za kwanza kabisa kuingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa Marekani, mwaka 1989.

BintiPangani

Nimeisoma yote kwa utulivu, na filamu nimeitazama jana usiku. Sasa niulize kitu ambacho naona kila mtu anakiruka. Huyu Johnnie tunayemshangilia anapigania Kusini. Kusini ya watumwa. Filamu nzima inapita, vita vinapigwa, utumwa haugusiwi kabisa. Halafu nikaenda kwenye College ya 1927, nakuta mtu wenu amejipaka masizi usoni anajifanya mhudumu Mweusi. Nikafunga simu. Mashabiki mnasemaje?

Kaptula Ndefu

Dada umeleta jiwe.

SimuTochi

@BintiPangani umesema kweli na sitalipaka rangi. Ongeza na Seven Chances ya 1925, kuna mfanyakazi anayeigizwa na mzungu aliyejipaka masizi, na anapangwa achekwe kwa uzito wa akili.

Kuhusu upande wa Kusini, kisa cha asili kilisimuliwa na waliokuwa upande wa Kaskazini. Keaton ndiye aliyekigeuza. Maelezo yake yalikuwa ya kibiashara: aliona watazamaji wa wakati wake wasingekubali watu wa Kusini wawe wabaya wa filamu. Maana yake alijua anachagua nini, akamchagua mlipa tiketi. Mlipa tiketi huyo hakuwa babu yangu wala wako.

Mimi binafsi College siirudii. Ile ya masizi inaniharibia hata mazuri yaliyomo, na mazuri yenyewe si mengi. The General naitazama, na kila nikifika kwenye bendera pale mwishoni uso unanikunjamana. Sijapata namna ya kulimaliza hilo na sidhani kama linamalizika.

BintiPangani

Sawa, nimekuelewa. Lile la chuma cha magurudumu lakini nimelipenda, siwezi kusema uongo.

Fundi Taa

Nije na upande wa ufundi kidogo maana hiyo ndiyo kazi yangu. Watu hawajui kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Kwenye The Playhouse, 1921, kuna ukumbi ambao kila mtu ni Keaton. Mcheza ngoma Keaton, mtazamaji Keaton, bibi kizee Keaton. Kuna safu ya Keaton tisa wamepangwa pamoja jukwaani. Kompyuta hakuna. Walifunika lenzi, wakafungua ufa mmoja mwembamba, akacheza. Wakarudisha filamu nyuma, wakafunga ule wakafungua unaofuata, akacheza tena. Mara tisa. Mpiga picha Elgin Lessley alitakiwa azungushe mkono kwa kasi ileile kila mara, maana akiharakisha kidogo mmoja wao anatoka nje ya mdundo na safu nzima imeharibika. Mimi nina taa za kisasa na bado kupanga watu watatu wa harusi ni vita.

Na Sherlock Jr. ya 1924 je? Mwonyesha sinema analala kazini, anaota anaingia ndani ya pazia. Anakaa kwenye benchi la bustani, picha inabadilika, yuko barabarani. Anataka kutembea, picha inabadilika, yuko ukingoni mwa jabali. Mwili wake hausogei hata nywele kati ya picha na picha. Walitumia vifaa vya wapima ardhi kuhakikisha kamera na mtu wako umbali uleule kila walipohama.

SimuTochi

Asante mkuu, umeniokolea kuandika. Kwenye Sherlock Jr. hiyohiyo ndipo alipovunjika shingo. Anakimbia juu ya mabehewa ya treni ya mizigo, anadaka kamba ya bomba la tangi la maji, maji yanamwagika kwa nguvu kuliko walivyotarajia, yanamtupa chini, shingo inagonga reli. Anainuka anakimbia, picha inaendelea, na ndiyo iliyo ndani ya filamu mpaka leo. Kichwa kilimuuma wiki kadhaa, akanyamaza. Miaka mingi baadaye daktari akampiga eksirei akamuuliza shingo ulivunja lini.

MamaWawili

Jamani baba yake! Mimi bado niko kwa baba yake.

Mzee wa Kanda

Vijana, mmemaliza kurasa mbili bila kumtaja Jackie Chan? Sisi tuliokulia vibandani tulimjua Keaton bila kujua tunamjua. Project A ya 1983, Jackie anaanguka kutoka mnara wa saa: ile saa ni salamu kwa Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa filamu bubu aliyening'inia kwenye saa ya jengo. Project A Part II ya 1987, ukuta unamwangukia Jackie naye anapita kwenye uwazi: hiyo ni ya Keaton moja kwa moja, na Jackie mwenyewe hajawahi kuficha kwamba alijifunza kwake. Tulikuwa tunarudisha kanda nyuma mpaka mwenye kibanda anafoka.

Profesa wa Kijiweni

Mzee wa Kanda sasa umenitikisa. Hilo la Jackie sikulijua.

Lakini swali: kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona jina lilipotea? Chaplin hata mtoto wa chekechea anamjua kwa kofia na fimbo.

SimuTochi

Alipotezwa na mkataba.

Mwaka 1928 aliacha studio yake akaingia MGM, kampuni kubwa. Aliyemshawishi ni Joseph Schenck, prodyuza wake, ambaye pia alikuwa shemeji kwa sababu walioa dada wawili wa familia ya Talmadge. Chaplin na Lloyd walimwonya asiende. Akaenda. Mwenyewe alikuja kulitaja hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Filamu ya kwanza pale, The Cameraman, ni nzuri mno. Baada ya hapo wakaanza kumpa skripti iliyokwisha kuandikwa neno kwa neno, mtu ambaye miaka yote alikuwa na mwanzo na mwisho tu na katikati wanaivumbua wakiwa eneo la kazi. Kwenye studio yake, wakikwama walikuwa wanatoka nje kucheza besiboli mpaka wazo lije. Jaribu kumweleza hilo mhasibu.

Pombe ikaingia. Ndoa ikafa 1932, watoto wake wawili wa kiume wakabadilishwa jina la ukoo wakaitwa Talmadge. 1933 MGM wakamfukuza. Baadaye kampuni hiyohiyo ikamrudisha kwa mshahara mdogo awe mtunga vichekesho vya watu wengine. Chaplin, yeye, alikuwa anamiliki filamu zake na hakuwa na bosi. Tofauti ya majina yao leo, kwangu mimi, sehemu kubwa iko kwenye makaratasi hayo.

Ila msimlilie, hakupenda kuliliwa. 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 23, na wakakaa pamoja mpaka kifo. Filamu zake zikaanza kufufuliwa miaka ya 1950. Mwaka 1952 akaigiza na Chaplin kwenye Limelight, mara pekee wale wawili kuonekana pamoja ndani ya filamu ndefu, wazee wawili, mmoja na piano, mwingine na fidla. @Profesa hiyo ni yako na yangu. 1960 akapewa Oscar ya heshima. 1965 ukumbi mzima kwenye tamasha la filamu la Venice ulisimama kumpigia makofi. Akafariki tarehe 1 Februari 1966 kwa saratani ya mapafu.

Kaptula Ndefu

Mimi nauliza ya kofia. Ile bapa ananunua wapi?

SimuTochi

Alitengeneza mwenyewe. Anachukua kofia nzuri ya Stetson, anaikata kimo. Halafu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu anakoroga sukari, vijiko vya chai vitatu vilivyojaa, analowesha ukingo juu na chini, anaulaza juu ya kitu kigumu bapa mpaka ukauke uwe kama ubao. Nyingine ziliharibika majini, nyingine mashabiki walipita nazo, anatengeneza tena.

Wa Nakuru

Hiyo kofia hapa ingebebwa na siafu ukiwa umeivaa.

BintiPangani

Kwa anayeanza, aanzie wapi? Nimtafutie mdogo wangu kitu kisicho na masizi.

SimuTochi

One Week kwanza. Kisha Sherlock Jr., ina dakika 45 tu, bando halitalia. Kisha The Navigator ya 1924, ingawa uwe naye karibu, wale watu wa kisiwani wamechorwa kishenzi kama ilivyokuwa kawaida ya Hollywood. Kisha Steamboat Bill, Jr. Filamu zake bubu haki zake zimekwisha kule Marekani, ziko bure mtandaoni, ndiyo maana nakala mbovu zimejaa. Ukiona watu wanakwenda mbio kama kuku waliotimuliwa na piano inagongwa hovyo, toka, tafuta nakala iliyosafishwa. Muziki wowote unaosikia uliwekwa baadaye, kwa hiyo usiogope kuzima.

MamaWawili

Na hajawahi kutabasamu hata siku moja?

SimuTochi

Kwenye zile za mwanzo na Arbuckle anacheka sana tu, ukimwona utadhani ni mtu mwingine. Baada ya kuwa na filamu zake mwenyewe, tafuta Go West, 1925, ile aliyocheza na ng'ombe anaitwa Brown Eyes. Kuna mchezo wa karata. Keaton anamshutumu jamaa kwa wizi, jamaa anamwelekezea bastola anamwambia ukisema neno hilo, utabasamu. Keaton anafikiri. Anajaribu. Uso haukubali. Anachukua vidole viwili anasukuma pembe za mdomo juu.

Profesa wa Kijiweni

Dakika ya ngapi hiyo?

SimuTochi

Tazama yote, Profesa, acha uvivu.

Profesa wa Kijiweni

Naipakua. Lakini Chaplin anaongoza, hilo liandikwe.